Baridi Niliyoinakili

Ninyi mnaoangalia telefone kujua kama nje kuna baridi, na dirisha liko wazi pale mbele ya pua yenu, maneno haya ni yenu. Mimi ni Kavira. Nilisoma termometre miaka thelathini na moja kwenye stesheni ya kilimo, juu ya kilima, nje kidogo ya Butembo. Kwa miaka yote hiyo nilidanganya kaye, daftari la namba, mara moja tu. Mara moja, mais uongo wenyewe ulikuwa wa miezi minne, na ulikaa mle ndani bila mtu kuujua mpaka mwaka juzi, siku ulipotaka kumnyang'anya rafiki yangu chakula. Siku hiyo ilibidi nichague kati ya yeye na jina langu. Nitaeleza vizuri. Nitaandika Kiswahili cha kanisani, na kikiteleza kikawa cha sokoni, mnivumilie: mais ni lakini, njo ni ndiyo, maana cha sokoni njo nilichonyonya.

Kazi ilikuwa hivi. Nyuma ya biro, yaani ofisi, kulikuwa na kasha jeupe lenye miguu minne, kimo chake kinanifikia usoni. Kuta zake zilikuwa za mbao nyembamba zilizolazwa mshazari, upepo upite, jua lisiingie. Ndani mlikuwa na termometre mbili zilizolala. Moja ya zebaki, hiyo ilikumbuka joto kubwa la mchana. Nyingine ya alkoholi, yenye kijiti cheusi ndani, hiyo ilikumbuka baridi kubwa ya usiku. Alkoholi ikirudi nyuma inakivuta kijiti, ikipanda inakiacha pale pale, na asubuhi unakikuta kinakungoja. Kando kulikuwa na kopo la mvua. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi unafungua mlango wa kasha, unasoma, unaandika kwenye kaye, unarudisha kijiti mahali pake, unafunga. Hakuna Noeli, hakuna Pasaka, hakuna matanga.

Aliyenifundisha ni Papa Kasereka, mkuu wa wasomaji pale, mwanamume mfupi mwenye koti la kaki na kofia ya sufu, na sikuwahi kuona kichwa chake bila hiyo. Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa nasogeza uso karibu kabisa na kioo ili nione vizuri, na namba zangu zilikuwa zinazidi zake kila siku. Akaniuliza kama nina homa. Nikasema sina. Akasimama nyuma yangu siku mbili bila neno, siku ya tatu akasema, "Kavira, hapana pumulia termometre. Haina mafua." Kumbe pumzi yangu ilikuwa inaipandisha. Tangu siku hiyo nilisoma nikiwa nimebana pumzi, na kwanza vile vipande vidogo vya digri, kisha digri nzima, maana vile vidogo njo vinakimbia haraka mwili wako ukikaribia. Hata leo nikifungua kabati la sahani ninabana pumzi. Wajukuu wangu wananicheka.

Asubuhi nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mume wangu aliniambia nilale, yeye atakwenda kusoma, kwani ni kitu gani? Akaenda, akarudi anajivuna. Alikuwa amesoma kijiti upande usio wake. Kwa namba ya mume wangu, usiku ule Butembo ilipata baridi ya kuua ng'ombe. Papa Kasereka alipofika akaangalia, akapiga mstari mmoja juu ya ile namba, akaandika herufi M. Hapo njo nilipofundishwa sheria mbili za kaye. Ya kwanza, kosa halifutwi kwa gomu. "Kosa unapiga mustari moya, linabakia linaonekana," alisema. "Gomu ni ya batoto ya masomo." Ya pili, siku ambayo haikusomwa, au iliyosomwa vibaya, unaandika M. Ilikuwa ni neno la Kifaransa, manquant, kwamba namba haipo. Mais yeye alikuwa na tafsiri yake. "Ba biro banasema manquant. Miye nasemaka, Mungu njo anajua."

Watu wa kilimani walidhani sisi ndio tunaotuma mvua. Jumamosi moja familia ya bibi harusi ililetea nyumba yetu kuku jike mnene, ili niifunge mvua mpaka wageni wamalize kula. Niliwaeleza kwa heshima zote kwamba mimi ninapima tu yale yaliyokwisha kuanguka. Walitikisa kichwa kwa adabu, wakaacha kuku. Mvua haikunyesha. Mwezi uliofuata ikaja familia nyingine na kuku mwembamba, na siku hiyo ilinyesha mpaka keki ikaelea. Mama wa bibi harusi yule alinipita njiani miaka miwili bila kunisalimu, na nilisikia kwamba alikuwa anasema kosa ni lake mwenyewe, kuku alikuwa mdogo.

Lakini nataka kuwaambia juu ya baridi, maana ninyi hamkuikuta. Asubuhi mdomo ulikuwa unatoa moshi. Watoto walikuwa wanakwenda masomo na kiazi cha moto ndani ya kila mfuko, wanashika kule ndani kwa kupasha vidole njiani, na saa ya mapumziko wanakula. Kiazi kimoja kilikuwa ni glavu na ni chakula. Wanaume walikuja misani na makoti mazito waliyonunua sokoni, hawayavui hata padri akihubiri saa nzima. Tulilala chini ya mablanketi mawili, na tulilalamika, batoto yangu, tulilalamika kila siku ya Mungu. Sasa ninalala na shuka moja, na dirisha wazi, ninaitamani ile baridi mpaka inaniuma. Nikifumba macho ninasikia majani yenye umande yananiuma vidole vya miguu njiani kwenda kwenye kasha. Sijui nani alitufundisha kulalamikia kitu kizuri namna ile.

Kila jioni, kabla ya kushuka nyumbani, Papa Kasereka alikuwa anasimama uani na kuangalia juu. Tulikuwa na mchezo wetu. Kila mmoja anataja baridi ya kesho asubuhi, na aliyekosa zaidi analeta chai. Alinishinda miezi mingi kabla sijamshika siri yake. Kama nyota zilikuwa zinaanza kutoka safi, alitaja namba ya chini. Kama mawingu yalikuwa yamefunika, alitaja ya juu. Nilimuuliza, mawingu ni kitu cha baridi, kina maji ndani, kwa nini usiku wa mawingu una joto? Alinichukua mpaka kanisani, kwenye ukuta wa matofali ulioshinda juani, akaniambia niweke kiganja karibu na ukuta bila kuugusa. Joto lilikuwa linatoka ukutani linanifikia mkononi, na jua lilikuwa limeshazama. "Unaona kitu?" Sikuona kitu. "Udongo wote njo vile," akasema. Mchana ardhi inakula jua, usiku inalitoa kwa joto lisiloonekana na macho, linapanda, linakwenda zake juu. Mawingu yakiwapo, yanalikamata, na sehemu yake yanairudisha chini kwetu. Mbingu ikiwa wazi, linapotea lote, na asubuhi mdomo unatoa moshi.

Hiyo ndiyo sayansi yote niliyokuwa nayo, na ilinitosha kushinda chai.

Kisha ukaja mwaka wa kukimbia. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa, na ninyi mmekuwa na miaka yenu. Wenye silaha walikuwa wanapanda kilima, watu wanashuka na magodoro kichwani. Papa Kasereka alitoa termometre kwenye kasha, akazifunga kwa pamba, akaniwekea mikononi. "Weye beba hizi, bataziiba juu ya zebaki. Miye nabakia na kopo ya mvua. Muzee kama miye hapana kimbia." Nilimlomba, nililia, hakukubali. Nilizifunga ndani ya kitenge pamoja na mtoto mgongoni, nikafika Beni kwa lori, na kutoka Beni mpaka Mutwanga kwa pikapu, kwa dada yangu. Kwenye kila kizuizi niliwaambia askari ni vyombo vya hospitali, vinaambukiza. Huo uongo siuhesabu.

Mutwanga iko chini, miguuni pa mlima, na joto lake lilinitesa. Mais kuna asubuhi mawingu yalikuwa yanafunguka kule juu, na barafu ya Ruwenzori inaonekana, nyeupe, mbali sana. Shemeji yangu alikuwa amebeba mizigo ya wageni mlimani tangu ujana. Aliniambia alipoanza kazi, barafu ilikuwa inateremka mpaka kwenye jiwe moja jeusi walipopikia. Sasa unapika kwenye lile jiwe, kisha unapanda tena mwendo mrefu ndipo unaigusa. Alilisema kwa sauti ya kumsimulia marehemu, na mimi sikumsikiliza sana, mawazo yangu yalikuwa kwa Papa Kasereka.

Nilirudi baada ya miezi minne. Nyuma ya biro nilikuta kaburi, udongo wake bado mwekundu. Kifua ndicho kilichomuua, na dawa hazikuwapo. Aliyemzika ni Masika. Masika ni jirani yangu, tulikua pamoja, anachoma makala, ndiyo makaa, na kuyauza Butembo. Miezi ile alikuwa amejificha bondeni, tanuri zake zimezimwa kwa woga wa moshi kuonekana, na kila siku mbili alikuwa anapanda kwa kificho kumletea mzee sombe na bugali. Siku alipomkuta amelala na hajibu, aliita wanaume wawili waliojificha naye, wakachimba.

Kaye ilikuwa mezani. Safu ya mvua ilikuwa na namba zake, siku kwa siku, maana kopo lilibaki. Safu ya joto ilikuwa na M. M, M, M, kwa krayoni, ndiyo penseli, kwenda chini ukurasa mzima, na ukurasa wa pili, na wa tatu. Mwandiko ulikuwa unakuwa mkubwa, unapinda. Kisha asubuhi moja kulikuwa na mvua kidogo, akaiandika, akaandika M, na baada ya hapo hakuna kitu.

Nilizichukia zile M. Sikuweza kuzitazama. Kila moja ilikuwa inaniambia kwamba nilibeba termometre zake nikamwacha. Nilichukua gomu ya mtoto wangu, nikazifuta zote, moja moja, mchana kutwa. Kisha nikafungua kabati, nikatoa kaye yake ya mwaka wake wa kwanza kazini, ya ujana wake, nikatafuta miezi ile ile, na nikanakili. Namba zake za baridi kali, baridi ya viazi mfukoni, niliziandika kwa wino mahali pa M. Nilijaza hata zile siku ambazo alikuwa ameshakufa. Sikufikiri juu ya sayansi. Nilitaka aendelee kusoma, basi. Kila namba niliyoandika niliisikia kwa sauti yake, na nilipomaliza nililala vizuri mara ya kwanza tangu nirudi.

Miaka ikapita, hakuna aliyeuliza. Nilistaafu. Walileta mashine ndogo yenye kioo cha jua kichwani, inajisomea yenyewe na kutuma namba mjini, haibani pumzi, haifanyi mchezo wa chai. Kasha jeupe likabaki la kuku. Kaye zote nilikuwa nazo nyumbani, ndani ya sanduku la bati, kwa sababu biro ilikuwa inavuja.

Mwaka juzi akaja Katungu, msichana mwenye macho makali, asistanti wa iniversite moja ya Butembo. Alikuwa anapanda kwa moto, yaani pikipiki, kila Jumanne na kompyuta yake, anakaa kwenye meza yangu, anaingiza namba zangu zote, anakula maharagi yangu. Nilimpenda sana. Alikuwa wa kwanza kuniuliza swali la kaye tangu Papa Kasereka. Na yeye ndiye aliyemalizia somo la ule ukuta.

Alinieleza kwamba hewa, sehemu yake kubwa, haijali lile joto la ardhi, inaliacha lipite. Mais kuna gesi chache ndani ya hewa, zisizo na rangi wala harufu, zinalikamata na kulirudisha chini kama mawingu yanavyofanya, hata kama mbingu imejaa nyota. Mvuke wa maji ni mojawapo. Nyingine ni gesi ya kaboni, ile inayotoka ukichoma makala, mafuta au msitu, na nyingine ni metani, inayotoka matumboni mwa ng'ombe na kwenye takataka zinazooza. Nilisema, basi ni kitu kibaya. Akasema hapana, bila hizo dunia nzima ingeganda, hata Mutwanga. Ubaya ni kuzidisha. Unajifunika blanketi la pili, la tatu, la nne, na huna mkono wa kuyavua. Nilimuuliza kama ni moshi wa tanuri za hapa. Akasema moshi unaouona unaanguka na mvua ya kwanza, ile usiyoiona njo inabaki, vizazi na vizazi. Na akasema sehemu kubwa ilitoka mbali, kwenye viwanda na magari ya nchi ambazo hazijui hata jina la kilima chetu, mais hewa haina mpaka.

"Na angalia, mama," aliniambia, "kwenye kaye yako joto ya usiku njo inapanda kushinda ya mchana. Kama ni jua tu limezidi, mchana njo ungepanda zaidi."

Kisha akaweka kidole kwenye miezi yangu minne. Akasema anashangaa, hapa baridi inazidi kwa ghafula, na baada ya hapo inapotea tena. Ilikuwa nini? Nilimwambia, ilikuwa vita. Neno hilo lilikuwa la kweli, na nililitumia vibaya. Nilimuongezea maharagi.

Sasa, siku yenyewe. Shirika la wakulima wa kahawa liliita mkutano kwenye sale, ukumbi wa parokia. Kahawa zilikuwa zinaugua kwenye mashamba ya chini, watu wanapandisha miche juu zaidi kila mwaka, na sasa kilima kinakaribia kwisha. Katungu alialikwa aeleze, akaleta na sanduku langu la kaye. Alionyesha ukutani mstari wa digri za asubuhi, miaka yote, unapanda, unapanda. Na katikati, shimo. Mstari unaanguka mpaka chini kabisa, kisha unarudi juu.

Prezida wa shirika, mtu mkubwa wa sauti kubwa, akasimama akauliza lile shimo ni mwaka gani. Mtu akapiga hesabu, akasema ni ile miezi tuliyokimbia. Prezida akapiga meza. Basi, si mnaona? Hakukuwa na tanuri hata moja ikiwaka, hakukuwa na malori, na miezi minne tu ilitosha, baridi ikarudi. Sale nzima ilianza kusema kwa pamoja. Nimewaona watu wazima wanafuta machozi, mimi ni shahidi. Wote walikuwa wanaitamani kama mimi. Kabla ya nusu saa walikuwa wameshakata neno kwamba kuanzia Jumatatu hakuna tanuri kilimani kwa miezi minne, na atakayechoma, makala yake yatamwagwa mtoni. Vichwa vikageuka kumtazama Masika, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango. Masika analisha wajukuu wanne kwa yale makala, na hana shamba.

Katungu alijaribu. Alisema kupunguza kuchoma miti ni jambo zuri sana, mais lile shimo haliwezi kuwa ni sababu hiyo, gesi haiondoki kwa miezi minne, itatuzidi umri sisi wote tuliomo humu, na hewa ya kilima hiki ni hewa ya dunia nzima. Alikuwa anatafuta maneno, maana namba zilikuwa pale ukutani zinampinga. Prezida alimwacha amalize. Kisha akasema kwa upole, "Mademoiselle, siye hatukusoma kama weye. Mais hizi namba ni za Mama Kavira. Na Mama Kavira haiko mutu wa bongo, wa kusema uongo."

Nilisimama. Nilishika kiti cha mbele yangu.

"Ile baridi ni ya bongo," nikasema. "Ni miye niliiandika."

Nilieleza yote, termometre ndani ya kitenge, gomu, kaye ya zamani. Prezida aliniangalia kwa uso wa mtu aliyenyang'anywa kitu. Akauliza, "Donc kama hii ni bongo, tutaamini nini ndani ya hizi kaye zote?" Miaka thelathini na moja ya asubuhi zangu, na ya Papa Kasereka yote kabla yangu, vilikuwa mezani pale, na mimi ndiye niliyeviweka hapo.

Katungu hakuniangalia. Alitafuta kaye ya mwaka ule kwenye sanduku, akaenda dirishani, akainua ukurasa mmoja mbele ya mwanga. Akauweka mshazari. Akasogea. Kisha akaita watu waje. Mzee yule alikuwa anakandamiza krayoni. Wino wangu ulikuwa juu, na chini yake, karatasini, mashimo ya M zake yalikuwa bado yapo, moja kwa kila siku, mpaka ile ya mwisho iliyopinda. Gomu haikuziondoa. Watu walipanga mstari kuangalia, kama kwenda komunio, na mimi nilikuwa nimekaa nikilia mbele ya wote, sikujali.

"Huyu muzee, siku hakujua, aliandika hajui," Katungu aliwaambia. "Mutu wa vile, zile zingine namuamini."

Za kwangu je? Hakunijibu siku ile. Alichukua miezi mingi kuzilinganisha na za stesheni nyingine, na nyingi zimesimama, na chache bado ameziwekea alama ya kuuliza. Kwenye ripoti yake ameandika kwamba miezi ile minne imeondolewa, na sababu, na jina langu. Nilimwambia aliache libaki. Katazo la tanuri lilivunjwa siku hiyo hiyo, bila kura, watu walitoka tu mmoja mmoja. Mstari bila shimo nimeuona. Unapanda, hakuna mahali unapopumzika.

Nilirudi nyumbani na Masika. Tulipanda kilima polepole, yeye mbele, na nilikuwa nangoja aniambie wasingya, asante yetu, kwa sababu nilidhani nimemwokoa. Tulifika kwenye mgongo wa kilima, akaketi kwenye jiwe kushika pumzi.

"Miye nilikuwa tayari," akasema. "Prezida aliposema miezi ine, nilianza kupiga hesabu. Tungekula viazi, siku zingine tungelala njaa. Mais baridi inarudia. Ningeacha, Kavira. Ata mwaka muzima ningeacha."

Nilimwambia kwamba kuacha bado kuna maana, kwamba kila mti usiochomwa unabaki na gesi yake ndani, na kwamba siku dunia yote itakapopunguza, kupanda kutasimama, na watakaokuja watashukuru.

"Batakaokuja," akasema. "Na siye? Hatutaisikia tena?"

"Hapana."

Alikuwa amevaa sweta yake ya sufu ya zamani, ya mikutano, na jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Akaivua, akaifunga kiunoni, akasimama.

"Basi andikia hawa batoto ilikuwaka namna gani," akaniambia. "Mais safari hii, sema kweli."